Bildi ya Sauti

Zamani baharia aliyetaka kuijua sakafu ya bahari alitupa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kambani. Kamba ilimpa kina. Shahamu iliyopakwa kitakoni mwa risasi ilirudi imenasa mchanga, tope au vipande vya kombe, na nahodha akajua kama nanga itashika.

Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipima mwendo wa sauti katika Ziwa la Geneva, wakapata mita 1,435 kwa sekunde. Tangu hapo iliwezekana mwangwi kushika kazi ya kamba. Baina ya 1925 na 1927 meli ya Kijerumani iitwayo Meteor ilipima kina cha Atlantiki ya Kusini kwa mwangwi zaidi ya mara 67,000. Kina kilijulikana, habari za tope na mchanga zilibaki kwa bildi.

Vita ndivyo vilivyolifungua fumbo hilo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani Maurice Ewing na Joe Worzel walilipua baruti katika maji ya kina kifupi, wakategea sikio mbali. Mlipuko mmoja uliwafikia umenyooka kama uzi. Sauti nzito ilitangulia, kwani ilipitia ndani ya sakafu, na katika mchanga ulioshikamana sauti huenda kasi kuliko majini. Sauti nyembamba ikafuata kwa njia ya maji. Chaim Pekeris aliitungia hali hiyo nadharia, na mwaka 1948 kazi zao zikachapishwa pamoja. Kwa kulinganisha nyakati za kuwasili, ilikadiriwa tabia ya matabaka ambayo hayajaguswa na mkono.

Hata hivyo, sakafu mbili zisizofanana zaweza kutoa milio inayokaribiana. Ndiyo maana Edwin Hamilton wa San Diego, aliyechapisha muhtasari wa kazi yake mwaka 1980, hakuiamini sauti peke yake. Aliipima ndani ya sampuli za sakafu, akaonyesha kuwa tope laini laweza kuipitisha sauti polepole kuliko maji yaliyo juu yake. Mwaka 2017 watafiti waliokwenda kwenye uwanda wa tope ulio kusini ya Massachusetts nao walizipima sauti walizonasa kwa kuzilinganisha na tope lenyewe.

Sauti hutoa ushahidi wa eneo kubwa kwa muda mfupi. Anayeuthibitisha bado ni yule shahidi wa kale: chembe ya tope iliyoletwa juu.