Ukoga: mdudu mdogo, bili kubwa

Ukikanyaga jiwe lililozama kidogo kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria pale Mwanza, unateleza. Kinachokutelezesha ni ukoga: bakteria na mwani walioshikamana juu ya jiwe na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Ni ndugu wa ule ukoga wa meno ambao Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliutazama kwa lenzi mwaka 1683, akakuta umejaa viumbe hai.

Ukoga huohuo umewasumbua sana wahandisi wa majitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Dorr-Oliver ya Marekani ilianza kuchuja majitaka kwa membreni, yaani chujio lenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Wazo lilikuwa zuri: maji yapite, bakteria wabaki. Tatizo ni kwamba wakibaki hawatulii. Wanajibandika, wanatoa ute, wanaziba vitundu. Ikabidi maji yasukumwe kwa pampu zenye nguvu, na bili ya umeme ikapanda. Teknolojia hii ikabaki ya wachache.

Mwaka 1989 huko Japani, Kazuo Yamamoto na wenzake walikuja na njia tofauti: waliizamisha membreni ndani ya tangi lenyewe, kisha wakavuta maji taratibu. Viputo vya hewa, ambavyo bakteria wa tangini walivihitaji tayari ili kupumua, vikawa vinaisugua membreni pia. Kumbe ukoga haukuisha, ulicheleweshwa tu. Mpaka leo membreni huoshwa kwa dawa kama klorini, na ikichoka hubadilishwa.

Mwanza ilichukua njia nyingine. Majitaka yanayopita kwenye mabomba, yakiwemo ya nyumba za vilimani zilizounganishwa kwa mabomba membamba, huenda kwenye mabwawa ya Ilemela. Huko jua, mwani na bakteria hufanya kazi polepole. Ndiyo, bakteria! Kwenye membreni wanaziba njia. Bwawani ni vibarua wasiodai mshahara. Ila mabwawa yanakula ardhi, jiji linakua, na maji ya kunywa yanavutwa kwenye ziwa hilohilo, pale Capri Point.

Kwa hiyo siku ukisikia mjadala wa kuleta membreni Mwanza, usiulize tu zinachuja vizuri kiasi gani. Uliza umeme wa kupuliza hewa usiku na mchana utalipwa na nani, na zikichoka, nani atanunua mpya.