Mkaratusi ulikuja kwa sababu ya treni. Maswali yake yako Kisii

Wasee, ukisikia "maabara ya ekolojia ya misitu" najua unawaza koti jeupe, hadubini na msitu fulani wa mbali uliojaa nyani. Halafu unajiuliza, mtu wa Kisii au Nyamira ataenda kufanya nini huko? Kwetu si ni chai, ndizi, nyumba na mistari ya mikaratusi tu?

Basi anza na hiyo mistari. Mkaratusi asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902, reli ikiwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu kabla. Injini za treni zilikula kuni, na mti huu hukua haraka. Swali lililowakera wakubwa wa wakati huo lilikuwa kuni zitatoka wapi, si mito itabaki na maji kiasi gani.

Treni ziliacha kuni kitambo. Mkaratusi ukabaki, ukaingia mashambani, na Gusii ukawa benki ya familia. Karo ikikosekana, mti unakatwa. Viwanda vya chai vinataka kuni za kukaushia majani. Nguzo za stima, mbao za mjengo, zote ni pesa.

Halafu mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, akaagiza mikaratusi iliyo kwenye chemichemi na kando ya mito ing'olewe. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Anayelilia maji ana hoja, kwa sababu mto Kuja, ama Gucha, unatoka kwenye vilima hivi hadi Ziwa Victoria. Anayelilia karo pia ana hoja. Kelele haziwezi kuwaamua. Vipimo vinaweza kusaidia.

Na nani atapima? Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza 1984, wanafunzi wake wa kwanza walitoka idara ya misitu ya Nairobi. Kwa hivyo kusomea misitu hapa Kenya si kitu kipya. Chuo Kikuu cha Kisii nacho kilipata hati yake 2013, katikati kabisa ya hii mikaratusi.

Kwa hivyo usingoje tangazo. Mtafute mhadhiri anayefanya utafiti wa miti, mwambie uko tayari kubeba vifaa. Kazi ya kwanza haina mbwembwe: unazungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika, unaenda mti unaofuata. Unahesabu miche ya kienyeji iliyoota chini yake. Unapima kijito wakati wa kiangazi.

Na una kitu ambacho mgeni hana: Ekegusii. Nyanya anayekumbuka chemchemi iliyokauka, na mwaka wenyewe, hatamsimulia mtu wa fomu na mkalimani vile atakusimulia wewe. Hiyo pia ni data, na wazee wanaondoka nayo. Enda umuulize kabla muhula haujaanza.