Nyumba Ambayo Haikuingia Kwa Vidio Yangu

Wiki mbili zilizopita niliposti vidio ya sehemu za zamani za Kericho na Bomet. Mliipenda sana. Tea Hotel, ile iliyojengwa na Brooke Bond enzi za ukoloni. Chagaik, bwawa na miti iliyopandwa na Tom Grumbley, mkulima wa chai, baada ya Vita vya Pili. Maporomoko ya mto Nyangores pale Tenwek. Droni juu ya majani chai, muziki poa, komenti kibao: "Ni kama Ulaya!"

Kogo yangu akaiangalia mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Na kwetu hukufika?"

Nikadhani anasema kijijini. Kumbe anasema Gwassi.

Sasa nisikizeni kidogo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, so hii si lekcha.

Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilichukua ardhi ya Wakipsigis ikawapa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani, mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Ungedhani ardhi inarudi kwa wenyewe. Wapi! Ikaishia kwa makampuni ya chai.

Halafu kuna Talai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao watu waliwasikiza kuliko DC. Hapo ndo noma. Mwaka wa 1914 Kipchomber arap Koilegen, ndugu ya Koitalel arap Samoei, alihamishwa hadi Fort Hall, Murang'a ya leo. Alifia huko. Na 1934 wakatunga sheria nzima ya kuondoa ukoo mmoja. Hebu fikiria, sheria ya familia yenu pekee! Watu karibu 700, wazee na watoto wachanga ndani, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Watu wa baridi ya Kericho, wametupwa kwa mbung'o na malaria. Uhuru ulipokaribia ndo wakarudi, na wengi hawakupata shamba.

Kogo alizaliwa Gwassi. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

Sisemi msiende Tea Hotel, enda, piga picha. Lakini nyumba ya meneja ilijengwa kwa mawe, ya babu yake kogo ilikuwa udongo na nyasi, na hakuna aliyeweka hata kibao. So mimi nikizunguka na kamera nikitafuta "historia", naona ya meneja tu. Hiyo inanisumbua kuliko nilivyotarajia. Mwaka wa 2022 Talai na Wakipsigis walipeleka Uingereza kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mimi, damu yao, nilikuwa bize na droni.

Vidio sijaifuta. Desemba tunaenda Gwassi. Kogo anakuja, na ashasema siti ya dirisha ni yake.