Sikio la Mpanda Baiskeli

Baiskeli nyingi hazina kioo cha kutazamia nyuma. Dereva wa gari anavyo vioo vitatu, na bado hupata ajali. Mpanda baiskeli akitaka kujua kinachomjia nyuma ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kugeuza shingo, na kila aliyewahi kupanda baiskeli anajua kwamba shingo ikigeuka usukani nao hupenda kuifuata. Ya pili ni kusikiliza. Kwa hiyo sikio ndilo kioo chake.

Siku hizi ni jambo la kawaida, mjini na hata vijijini, kumwona kijana ananyonga baiskeli huku masikio yake yote mawili yamezibwa na hedifoni. Wazee wenzangu humaliza habari yake kwa maneno machache: hana adabu. Mimi naona maneno hayo hayatoshi. Jambo hili lina historia yake, na ukiifuata utaona kwamba hata waliokileta duniani chombo hicho waliingiwa na wasiwasi uleule unaotusumbua sisi.

Tuanze na baiskeli yenyewe. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zetu. Lakini tairi zake zilikuwa za mpira mgumu usio na upepo, na juu ya barabara za mawe ilitetema na kupiga kelele. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya ubunifu wa tairi la kujazwa upepo. Baada ya hapo baiskeli ikawa chombo kimya kuliko vyote vilivyopita barabarani.

Ukimya huo ulizaa mambo mawili. Kwanza, mpandaji aliweza kusikia kila kitu: ndege, kuku, mto, mtu anayemwita. Pili, wengine hawakumsikia yeye, ndiyo sababu kengele ikawa ya lazima. Ukitafakari, kengele na honi ni mapatano. Mwenye baiskeli hupiga kengele akiamini kwamba masikio ya mwenda kwa miguu yako wazi. Mwenye lori hupiga honi akiamini kwamba masikio ya mwenye baiskeli yako wazi. Hakuna aliyeyaandika mapatano hayo, lakini maisha ya watu yameyategemea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hedifoni nazo hazikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Zilianza kama zana za kazi kwa watu wa simu na wa redio za upepo. Mnamo 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliyezitengeneza jikoni kwake, alizipeleka kwa jeshi la majini la nchi yake, nalo likazikubali. Ilichukua muda mrefu kabla hazijawa chombo cha muziki. Ni mwaka 1958 ambapo John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za kusikilizia muziki wa stereo. Hata hivyo msikilizaji alikuwa amefungwa kwa waya kwenye mashine kubwa iliyokaa mezani. Alisikiliza akiwa kitini.

Kilichomfungua ni udogo. Transista ilivumbuliwa Desemba 1947, redio ya kwanza ya transista ya kuuzwa madukani ikatoka Marekani mwaka 1954, na kaseti ya Philips ikatoka mwaka 1963. Kuanzia hapo muziki uliweza kutembea.

Kwetu Tanzania muziki ulianza kutembea juu ya usukani wa baiskeli. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na redio na betri zenye jina la National zikaenea hadi vijijini. Mkulima aliyeuza pamba yake vizuri alinunua baiskeli kwanza, kisha redio, kisha akaviunganisha. Redio ilining'inizwa kwenye usukani au ilifungwa kwenye keria kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani. Mwenye baiskeli alipopita, kijiji kizima kilipata sehemu yake ya wimbo. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro likija kwa mbali, likakaribia, likapita, likafifia. Ikiwa ni saa ya taarifa ya habari, mtu angeweza kumwita mpita njia asimame kidogo ili wote wasikie. Mwenye redio hakuona kwamba anaibiwa.

Tusisahau pia kwamba miaka hiyo redio ilikuwa mali ya watu wengi kwa pamoja. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza vipindi vya redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Kusikiliza kulikuwa shughuli ya kukaa na wenzako.

Kisha ukaja mwaka 1979. Mwezi Januari mwaka huo Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mwezi Juni, mbali sana na hapo, kampuni ya Sony iliwakusanya waandishi wa habari Tokyo, ikawapeleka kwa basi hadi bustani ya Yoyogi, ikampa kila mmoja mashine ndogo ya kaseti yenye hedifoni nyepesi. Maelezo yote waliyapata masikioni, kwenye kaseti. Walipoinua macho walioneshwa vijana wakiitumia mashine hiyo huku wakicheza, na miongoni mwao alikuwamo mvulana na msichana juu ya baiskeli moja ya watu wawili. Kwa hiyo baiskeli na hedifoni zilioana siku ileile Walkman ilipotambulishwa duniani. Zilitengenezwa 30,000 za kuanzia. Mwezi Julai ziliuzwa kama 3,000 tu, lakini kufikia mwisho wa Agosti zote zilikuwa zimekwisha.

Jambo linalonigusa zaidi katika historia hii ni dogo. Akio Morita, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alisimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1986 kwamba alipoijaribu mashine hiyo nyumbani mke wake aliudhika, kwa kuwa alijiona ametengwa. Morita akaona kwamba ni utovu wa heshima mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Akaagiza itiwe matundu mawili ya hedifoni ili wawili wasikilize pamoja. Ikawekwa pia na kitufe cha rangi ya machungwa: ukikibonyeza, muziki hushuka na kipaza sauti kidogo hukuwezesha kumsikia mtu anayesema nawe.

Wanunuzi hawakuyajali hayo. Kila mtu alitaka mashine yake mwenyewe. Kitufe cha mazungumzo kiliondolewa katika matoleo yaliyofuata, na hatimaye tundu la pili nalo likatoweka.

Sheria zilifuata upesi. Mwaka 1982 mji wa Woodbridge katika jimbo la New Jersey ulipiga marufuku kuvaa hedifoni wakati wa kuvuka barabara, kuendesha gari au kupanda baiskeli. California inakataza kuziba masikio yote mawili ukiwa juu ya baiskeli, lakini moja inaruhusu. Ufaransa ilikataza kabisa kuanzia tarehe 1 Julai 2015, kwa faini ya euro 135. Uholanzi, ambako baiskeli zina njia zake pembeni ya magari, haikukataza muziki. Hata hivyo ni Uholanzi hiyohiyo, katika Chuo Kikuu cha Groningen, ambako watafiti waliwajaribu wapanda baiskeli na kutoa matokeo mwaka 2011: waliosikiliza kwa spika za kusukumiwa ndani ya masikio yote mawili mara nyingi hawakusikia ishara ya kuwataka wasimame. Waliotumia sikio moja tu usikivu wao haukupungua.

Wapo wanaozipinga sheria hizi, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba dereva aliyefunga vioo na kufungulia muziki kwa nguvu haulizwi neno, ilhali aliye dhaifu zaidi barabarani ndiye anayetozwa faini. Husema pia kwamba viziwi hupanda baiskeli na hufika salama. Ni kweli. Lakini kiziwi amejifunza maisha yake yote kutumia macho kuliko sisi, na hakuchagua hali yake. Na dhambi ya dereva haimkingi mpanda baiskeli. Kwenye barabara zetu, ambako baiskeli, bodaboda na lori la tani 30 hugombea ukingo mmoja wa lami, honi ya nyuma ndiyo onyo la mwisho. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikuhizi lipo na lisilosikia honi.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la utu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tukiwapeleka wanachuo wetu wa ualimu vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, na wengi walikwenda kazini kwa baiskeli. Katika kijiji kimoja wazazi walilalamika kwamba mwalimu mgeni ana kiburi. Watoto humwamkia "shikamoo" njiani naye hupita kimya. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyu atawafundisha nini watoto wetu ikiwa hata marahaba hana?" Nilipomwita yule kijana nilikuta ni mpole na mwenye bidii. Alikuwa na Walkman. Hakuwa amewahi kuisikia hata salamu moja. Nilimshauri aache sikio moja wazi, naye akafanya hivyo, lakini ilimchukua muhula wote kulirudisha jina lake.

Tangu Julai 2019 Umoja wa Ulaya umelazimisha aina mpya za magari ya umeme kuwekewa kifaa cha kutoa sauti yanapokwenda polepole, na kuanzia Julai 2021 sheria hiyo inahusu magari yote mapya ya aina hiyo. Sababu ni kwamba ni kimya mno, na mtu wa miguu hawezi kuyasikia yakija. Mataifa yamegharimika kulipa gari sauti, kwa kukiri kwamba sikio huokoa maisha. Nasi tunanunua vifaa vya kuliziba.

Sisemi vijana waache muziki. Safari ni ndefu, jua ni kali, na wimbo hupunguza vilima. Ninachowaomba ni kile alichokitaka Morita kabla wanunuzi hawajamshinda: nafasi ya mtu wa pili. Sikio moja liwe lako, ulipe wimbo unaoupenda. La pili uwaachie walio nyuma yako wanaopiga honi, na walio kando ya njia wanaokuamkia.