Mizinga ya Ziwa Tanganyika na Watu wa Buha

Kila mjadala wa ununuzi wa zana za kivita unapozuka, wanafunzi wangu huuliza bei. Mimi huwauliza swali jingine: ni nani aliyeamua, na ni nani atakayebeba mzigo? Nilizaliwa Kasulu, na swali hilo nimelichota katika historia ya ziwa lililo chini ya milima yetu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa vyombo vidogo, vikiwamo Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, meli iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma. Baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Upande wa pili, washirika wawili waligawana kazi. Uingereza ilitoa boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40. Ubelgiji ilitoa njia na bandari ya Kongo. Kutoka Cape Town boti zilipanda reli hadi Katanga, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na maksai juu ya milima ya Mitumba, katika njia iliyofyekwa kwa jasho la vibarua wa Kiafrika. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa: mzinga wake ulipiga mbele tu, nazo boti zilitokea nyuma. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Götzen haikushindwa na meli yoyote. Kamanda Spicer-Simson aliiona akaiacha ipite, jambo lililowaudhi Wabelgiji. Kisha makao makuu ya Wajerumani yakauondoa mzinga wake mkubwa ukatumike nchi kavu, huku Wabelgiji wakiishambulia Kigoma kwa ndege za majini zilizotoka Uingereza. Julai 1916 Wajerumani waliipaka mitambo grisi, wakaizamisha wenyewe. Meli kubwa kuliko zote ziwani ilikosa ulinzi kwa uamuzi uliofanywa mbali na ziwa.

Ushirika nao una hesabu zake. Wabelgiji waliikalia Kigoma pamoja na Buha yote, Kasulu na Kibondo zikiwamo, hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza kwa makubaliano ya Ulaya. Waha hawakuulizwa walipokaliwa, wala walipokabidhiwa.

Waingereza waliiopoa meli ile mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mei 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Meli iliyofanywa silaha katika vita vya wengine ikageuka kivuko cha wanaokimbia machafuko, na milima ileile ikawapokea.

Ndugu mtumishi wa umma, mkataba wa ulinzi unapofika mezani kwako, bei utaikuta imeandikwa. Ukurasa unaokosekana ni ule wa watu watakaoishi na matokeo yake miaka mia moja baadaye. Udai ukurasa huo kabla ya kutia saini.