Njia ya Misafara na Watu Wake: Unyamwezi katika Karne ya 19

Jina la Kipalapala, mahali palipo karibu na mji wa Tabora, hujulikana na wengi kwa ajili ya seminari yake. Lakini katika miaka ya 1880 palikuwa na kituo cha Mapadre Weupe, na ndani yake walilelewa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Watoto hao walikuwa wametolewa sehemu mbalimbali za bara. Kila mmoja alikuwa amekatwa na ukoo wake, na mara nyingi hata na lugha yake. Tunaanza na watoto hao kwa sababu hali yao yatuonyesha wazi jambo ambalo kwa kawaida hufichika: mtu huumbwa na jamii iliyomzunguka, na akiondolewa ndani yake hana budi kuumbwa upya. Wao waliumbwa upya na misheni. Wengine wengi wa wakati ule waliumbwa upya na njia yenyewe, ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hata Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji.

Aghalabu vitabu huisimulia njia hii kana kwamba ilikuwa kazi ya Waarabu na Wazungu. Ukweli ni kwamba Wanyamwezi waliikanyaga wao wenyewe, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya siku 130 kufika Kaze, karibu na Tabora ya leo, nao walifuata njia ambayo wapagazi waliijua kwa kila kisima na kila mahali pa kulipia hongo. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Msafara uliongozwa na kirangozi, na neno lake juu ya mwendo na mapumziko lilitiiwa hata na mwenye mali.

Kazi hiyo ilibadili maana ya kuwa mwanamume. Wageni waliofika Unyamwezi waliandika kwamba kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto, na kwamba kumwoza mke lilikuwa jambo la shida. Tuseme basi kwamba kijana alibeba mzigo kwa hiari yake? Ndiyo, kwa kuwa hakufungwa mnyororo. Tena wapagazi walijua kugoma na kudai ujira wao. Lakini hiari hiyo ilikuwa imekwisha tengenezwa na macho ya wazee, na vicheko vya wasichana, na hamu ya merikani (nguo iliyopewa jina la nchi ilikotoka). Upande wa pili, vijana haohao waliporudi na mali na habari za mbali waliibadili jamii iliyowatuma. Aliyekuwa na nguo na bunduki alipata watu wa kumfuata bila kumwomba mtemi. Wanaume walisafiri hasa wakati wa kiangazi, lakini wengi hawakuwahi kurudi kabla ya masika, na jembe likabaki kwa wanawake, na kwa watumwa walionunuliwa kwa faida ya njia. Jambo hili halipendezi kulisema, lakini mwalimu asilifiche.

Hata jina la Wanyamwezi lilipatikana njiani. Nyumbani mtu alijiita kwa utemi wake, Unyanyembe au mwingineo. Pwani ndiko walikoitwa wote kwa jina moja, nao wakalipokea.

Katika udongo huo ndimo alimoota Mirambo. Alizaliwa yapata mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, utemi mdogo usiokuwa na sifa kubwa. Nguvu yake aliipata kwa rugaruga, na yafaa tuulize hao walikuwa nani. Walikuwa vijana wasio na wake, mateka wa vita, watumwa waliotoroka, na wapagazi waliokimbia misafara. Kwa maneno mengine, walikuwa ndugu wa wale watoto wa Kipalapala: watu waliong'olewa. Misheni iliwapa baadhi yao dini na kazi ya mikono, na Mirambo aliwapa wengine bunduki na sehemu ya nyara. Bila njia ya misafara asingepata watu hao wala baruti. Lakini watu hao walikuwapo kwa watemi wote wa magharibi, na si kila mtemi alikuwa Mirambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, akawashinda Waarabu wa Unyanyembe na kuuchoma sehemu ya mji wao, hata Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini alipokuwa akimtafuta Livingstone. Vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 1875.

Wako wanaomsifu Mirambo kama mtu aliyepigania uhuru, na wako wanaomwona mnyang'anyi tu. Sisi hatuoni kwamba yatupasa kuchagua. Alitaka kuitawala biashara ya pembe, wala hakuwa na mikono safi katika biashara ya watu. Swali gumu zaidi ni kwa nini dola yake ilisambaratika mara tu alipofariki, Desemba 1884. Hapo inafaa kumtazama jirani yake, Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe na kuiteka Ukimbu. Yeye naye alifariki mwaka uleule wa 1884, naye pia aliwategemea rugaruga. Lakini mahali pengi Mirambo aliwaacha watemi alioshinda, au aliweka jamaa zao, wakamtii kwa hofu ya nafsi yake. Nyungu aliweka juu ya nchi wasimamizi wake mwenyewe, waliotegemea cheo na si ukoo. Binti yake Mgalula akarithi kiti, na nchi ikaendelea chini yake mpaka Wajerumani walipoingia katika miaka ya 1890. Mmoja aliwabadili watu alioambatana nao, mwingine aliubadili pia utaratibu uliowashika.

Unyanyembe kwenyewe, mtemi Isike alipigana na Wajerumani hata Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, naye akajilipua kwa baruti. Wamisionari walikuwa wamekwisha ondoka Kipalapala mwaka 1889. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo wa frasila mbili ukashuka mabegani, ingawa si kwa muda mrefu: katika vita vilivyoanza mwaka 1914 majeshi ya pande zote yaliwachukua wapagazi kwa nguvu.

Njia imekufa, lakini utani ungali hai. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana kwa sababu babu zao walipokeana njiani, walizikana njiani, na walihitaji namna ya kusemezana ukali bila kushika silaha. Hata leo msibani mtani wa Kinyamwezi aweza kulala mahali pa maiti na kukataa kuondoka mpaka apewe chake, na wafiwa hawana budi kucheka.