Ural-375

Ural-375 ni lori la kijeshi la magurudumu 6, yote yakivuta, lililoanza kuundwa mwaka 1961 katika kiwanda cha magari cha Ural mjini Miass, Umoja wa Kisovyeti. Toleo lililoenea zaidi, Ural-375D, lilitoka mwaka 1964. Lilikusudiwa kuhimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini Watanzania wengi wa kizazi cha Vita vya Kagera wanalikumbuka kwa mzigo liliobeba mgongoni: mitambo ya kurushia makombora.

Maumbile

Injini yake ni V8 ya petroli yenye ukubwa wa lita 7 na nguvu za farasi 180. Lina gia 5, hubeba tani 4.5 na hukimbia hadi kilomita 75 kwa saa. Dereva anaweza kupunguza au kuongeza upepo wa tairi akiwa ndani ya kebini, jambo linalomfaa kwenye theluji, mchanga na matope. Mfumo wa umeme wa plagi umefunikwa ili maji yasiingie gari linapovuka mto. Kasoro yake kubwa ni ulaji wa petroli. Tenki kuu la lita 300 halichukui muda mrefu kukauka.

Vita vya Kagera

Mtambo wa BM-21, wenye mabomba 40 ya makombora ya milimita 122, ulifungwa juu ya Ural-375D. Huweza kufyatua makombora yote kwa takriban sekunde 20 na kupiga umbali wa kilomita 20 hivi. Katika vita hivyo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitumia mitambo ya aina hii dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, na askari wa Uganda waliiita Saba Saba. Masaka, mji wa Uganda, ilishambuliwa kwa mizinga na makombora kabla ya kutekwa tarehe 24 Februari 1979, na Kampala ikaanguka Aprili. Kwa usafirishaji wa vifaa kuelekea mpakani, Mwanza, iliyofikiwa na reli mwaka 1928, ilikuwa lango la Ziwa Victoria. Mzigo uliofika kwa treni uliweza kuendelea kwa meli hadi Bukoba, au kwa barabara kupitia kivuko cha Busisi.

Kuwasha kwenye baridi

Katika nyuzi 18 chini ya sifuri betri hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, huku oili ikiwa nzito na stata ikizunguka kwa shida. Ural hutatua hilo kwa hita ya petroli inayowashwa kabla ya injini. Hita hupasha maji ya kupozea, na moshi wake wa moto huelekezwa chini ya sampu ili kulainisha oili. Isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake huua.

Maji matupu yasiachwe kwenye injini usiku. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bloku. Dawa ya kuzuia kuganda ikichanganywa na maji nusu kwa nusu hulinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Breki ya mkono isiachwe imefungwa wakati lori limeloa, maana lining zaweza kugandia kwenye ngoma. Badala yake, gari lizuiwe kwa kabari. Asubuhi liondoke kwa gia ndogo, bila pupa, mpaka oili ya difu na gia ilainike.

Utunzaji kando ya Ziwa Victoria

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai joto huwa karibu nyuzi 15. Hita haina kazi. Hata hivyo, mazoea mengi ya baridi hubaki na faida, kwa kuwa adui hapa ni unyevu: Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Breki za Ural hutumia upepo unaosukuma mafuta. Kila jioni fundi huvuta pete iliyo chini ya tenki la upepo. Hutoka mfoko wa maji meupe kama maziwa, yaliyochanganyika na oili. Urusi maji hayo yangeganda na kuziba mabomba. Kando ya ziwa hula tenki kwa kutu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, kisha huchemka mteremkoni na pedali kuzama, hivyo hubadilishwa kwa ratiba. Tenki la petroli hujazwa lori linapolala, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kutoa matone ndani.

Mbali na ziwa, katika nyanda za juu kama Kitulo, ambako sakitu huanguka, dawa ya radieta ni ya lazima hata Tanzania.

Mrithi

Mwaka 1977 kiwanda kilianza kuunda Ural-4320 ya dizeli, inayotumia mafuta kidogo zaidi. Mabadiliko hayo yalipunguza gharama lakini yakaleta tatizo jipya: dizeli ya kawaida hutoa nta kwenye baridi kali na kuziba filta, jambo ambalo petroli haifanyi.